Nina vyeti vya mtandaoni, lakini wagonjwa wa homa bado wananitatiza

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni tabibu katika zahanati moja ya kijijini wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Tuko watumishi wachache: mganga mfawidhi, mimi, muuguzi mkunga na mhudumu wa afya mmoja. Mtaalamu wa maabara hatuna. Tunategemea kipimo cha haraka cha malaria na vipimo vingine vichache vinavyotoa majibu papo hapo, na mgonjwa anayehitaji zaidi ya hapo tunamwandikia rufaa kwenda kituo cha afya, safari ambayo wakati wa mvua wengi hawaimudu kwa sababu makorongo hujaa maji na bodaboda hupandisha nauli.

Tangu nihitimu chuo sijawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote ya magonjwa ya kuambukiza. Nafasi zinapokuja huwa ni moja kwa kituo kizima, na huenda mfawidhi. Kwa sababu hiyo nilianza kujisomea mtandaoni kwa simu yangu. Nimesoma kuhusu kifua kikuu, kipindupindu, Ebola na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na vyeti vyake nimevichapisha na kuviweka kwenye faili. Hata hivyo, asubuhi ninapokaa mezani na foleni ikaanza, natenda yaleyale niliyokuwa nikitenda kabla ya kusoma. Mgonjwa ana homa, kipimo hakioni malaria, natoa amoksilini na parasetamoli. Akirudi naandika UTI au taifodi na kumbadilishia dawa.

Kwa sasa yuko mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi sita ambaye ananinyima usingizi. Homa humpanda siku mbili tatu, anatetemeka na kuumwa kichwa, kisha inakata kabisa hadi anakwenda shambani, halafu baada ya takriban wiki inarudi upya. Malaria haionekani. Anaishi kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, pamoja na mama mkwe wake, na nyumba yao ina mbuzi.

Kuna mambo mengine yanayonikatisha tamaa. Mtandao kwetu ni dhaifu, na bando nanunua kwa fedha yangu. Mfawidhi, ambaye namheshimu kama kaka yangu, akiniona na simu saa za kazi hukunja uso, na wapo wagonjwa waliolalamika kwamba tabibu anachezea simu badala ya kuwahudumia. Juu ya hayo, mwenzangu niliyesoma naye ameniambia kuna mtu ambaye kwa malipo madogo hukujibia mitihani ya kozi, ukapata cheti na alama za kuhuisha leseni bila kusumbuka. Anasema wengi wanafanya hivyo.

Naomba unishauri. Je, masomo haya yana faida kwa mtu aliye kwenye zahanati kama yangu? Kama yana faida, nisome nini na kwa namna gani?

Tabibu wa zahanati, Chamwino


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Barua yako ina mambo mengi, lakini limo moja lisiloweza kungoja, nalo ni yule mama mjamzito. Nitaanza naye, na utaona kwamba ugonjwa wake umebeba sehemu kubwa ya jibu la swali lako kuhusu masomo.

Homa inayopanda siku kadhaa, ikakata kabisa, kisha ikarudi baada ya takriban wiki, kwa mtu anayelala ndani ya tembe mkoani Dodoma, inapaswa kukufanya uwaze homa ya papasi. Wenyeji wa Ugogo wanamfahamu vizuri papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na katika vumbi la sakafu ya udongo, usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, na aliyeumwa huenda asijue kabisa. Papasi hubeba bakteria wa jamii ya borelia. Eneo la Mvumi, ambalo limo wilayani kwako, limetajwa kwa miaka mingi katika tafiti za kitabibu kuhusu ugonjwa huu, na mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika huko ya kupulizia dawa nyumba zenye papasi, ambayo ilipunguza maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kipimo chako cha haraka hutafuta protini za vimelea vya malaria tu. Borelia hakimwoni wala hakikutengenezwa kumwona. Zamani, mtaalamu wa maabara alipokuwa akitazama tone nene la damu kwa hadubini akitafuta malaria, aliweza kukutana na vijidudu vyembamba vilivyojisokota kati ya chembe za damu, akampa tabibu jibu ambalo tabibu hakuliomba. Tulipohamia vipimo vya haraka tulifanya jambo jema, kwa kuwa tuliacha kutibu malaria kwa kukisia, lakini kwa mikoa kama yetu dirisha moja lilifungwa, na watumishi wengi walioajiriwa baada ya hapo hawakuwahi kulichungulia.

Kwa hiyo mpe mama huyo rufaa kwenye kituo chenye hadubini, na katika fomu usiandike neno homa peke yake. Mwandikie mtaalamu wa maabara waziwazi kwamba atafute borelia pamoja na malaria. Damu ichukuliwe wakati homa iko juu, kwa sababu homa ikishakata vijidudu hupungua mno kiasi cha kutoonekana. Kwa mjamzito ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba au kusababisha kifo cha mtoto mchanga, ndiyo maana nasema asingoje mzunguko mwingine wa homa, na kama familia haina nauli zungumza na uongozi wa kijiji mapema. Matibabu yapo na si ya gharama kubwa, lakini dozi ya kwanza ya antibiotiki inaweza kuleta mtetemeko mkali, joto kupanda na shinikizo la damu kushuka wakati bakteria wanapokufa kwa wingi. Kwa hiyo ni lazima itolewe mahali anapoweza kuangaliwa kwa saa kadhaa, na uchaguzi wa dawa inayofaa kwa mjamzito uamuliwe na daktari atakayempokea. Inawezekana pia ikawa ni ugonjwa mwingine. Maambukizi ya figo katika ujauzito na bruselosi, ambayo wafugaji wanaifahamu kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba, navyo vinastahili kuwamo katika barua yako ya rufaa, hasa kwa kuwa nyumba ile ina mbuzi.

Sasa turudi kwenye masomo. Umesoma Ebola, kipindupindu na kifua kikuu, na sikulaumu, kwa maana ni magonjwa mazito. Lakini katika vyeti vyote ulivyovitaja hakuna hata kimoja kilichokupa ugonjwa ulio kwenye kuta za nyumba za wagonjwa wako. Kozi nyingi za mtandaoni huandikwa kwa ajili ya msomaji wa popote duniani, na msomaji wa popote hana tembe. Ukisoma kwa kufuata orodha ya kozi zilizopo, unasoma mahangaiko ya wengine. Mtaala wako, mwanangu, umo katika rejesta ya wagonjwa wa nje, kile kitabu cha MTUHA unachokijaza kila siku na kukifunga jioni.

Kifungue na urudi nyuma miezi mitatu. Pigia alama kila mgonjwa aliyekuja na homa akaonekana hana malaria, utazame uliandika ugonjwa gani, ulitoa dawa gani, na ni nani kati yao aliyerudi. Usifanye kazi hii kwa nia ya kujihukumu. Nina hakika utakuta taifodi na UTI zimejaa kurasa, kwa sababu ndivyo ilivyo katika vituo vingi nchini, na nyingi kati ya hizo hazikuthibitishwa na kipimo cha kuaminika. Hata kipimo cha Widal, ambacho wagonjwa wenyewe hukiomba kwa jina, hakitoshi peke yake kuthibitisha taifodi mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo. Makundi utakayoyaona katika kurasa zile ndiyo masomo yako, na mpangilio wake ndio mpangilio wa kusoma.

Kwamba tatizo hili si lako peke yako, tafiti zilizofanyika hapahapa nchini zinaonyesha. Katika utafiti wa Moshi wa mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina: asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, lakini malaria ilikuwa chanzo halisi cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Wengi walikuwa na magonjwa ambayo hakuna aliyeyawaza, yakiwamo bruselosi, leptospirosisi na homa ya Q, ambayo mtu huyapata kutoka kwa wanyama. Utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa wasiohitaji kulazwa ulikuta kwamba zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya homa zote ilitokana na virusi, ambavyo amoksilini haivigusi. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, kwa hiyo swali la homa isiyo malaria unalo wewe kila siku kuliko mwenzako wa Geita au Kigoma.

Ningekuwa mezani pako ningeanza na somo hilohilo, yaani namna ya kumkabili mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakikuona kitu: dalili za hatari, nani apewe antibiotiki na nani asipewe, nani aangaliwe tena kesho. Usome ukiwa na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wa mwaka 2021 mkononi, kwa kuwa kozi ya kimataifa inaweza kukutajia dawa ambayo zahanati yako hairuhusiwi kuwa nayo. Kuhusu antibiotiki, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kitabu kinachozigawa katika makundi matatu, kuanzia zile za kutumiwa kwanza hadi zile za kuwekewa akiba, na kinaeleza ugonjwa kwa ugonjwa, yakiwamo magonjwa yasiyohitaji antibiotiki kabisa. Kinapatikana bure, na sura unazozihitaji ni fupi.

Baada ya hapo soma magonjwa yatokanayo na mifugo, kwa sababu uko katika nchi ya wafugaji. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa ulioikumba Tanzania mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Ulikuja baada ya mvua kubwa, mifugo ikatupa mimba kwa wingi, na watu waliougua ni wale waliochinja, waliokamua na waliosaidia wanyama kuzaa. Tabibu aliyelisoma hilo, mvua zikizidi, atamuuliza mgonjwa wa homa kuhusu mbuzi wake kabla hajamuuliza kuhusu chakula alichokula jana. Kinyume chake pia kimewahi kutokea mkoani kwetu: mwaka 2016, katika maeneo ya Chemba na Kondoa, watu walianza kuugua wakiwa na macho ya njano, matumbo kuvimba na kutapika, ikadhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza usiojulikana, na mwishowe ikabainika kuwa ni sumukuvu kwenye mahindi. Mtumishi wa kituo kama chako anaweza kutambua mapema jambo kama hilo lisilo la kawaida, akiona wagonjwa wanaofanana wakija kutoka nyumba zilezile na kutoa taarifa.

Na Ebola usiijutie. Virusi vya Marburg, ndugu yake wa karibu, vilithibitishwa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na katika mlipuko wa kwanza wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Barabara inayotoka Kanda ya Ziwa inapita Dodoma. Siku za mwanzo ugonjwa huo unafanana na malaria, na kinachokukinga ni glavu, maji ya kunawa na swali kuhusu safari.

Umeuliza kama masomo ya mtandaoni yana faida. Yanayo, ila inategemea yanavyoungana na kazi. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, uliokusanya tafiti 16 za watumishi wa afya, ulikuta kwamba kujifunza kwa mtandao na kujifunza darasani kwa kawaida havitofautiani sana kwa matokeo. Hii ina maana kwamba hujakosa kitu kikubwa kwa kutoitwa semina. Aliyeketi hotelini siku tano naye anaweza kurudi mezani akatoa amoksilini ileile. Jambo lililobadilisha utendaji katika utafiti mmoja wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, lilikuwa dogo kuliko unavyoweza kufikiri. Watumishi wa vituo 107 vya vijijini waligawanywa, na baadhi wakatumiwa ujumbe mfupi wa simu kila siku ya kazi kwa miezi sita, ukiwakumbusha hatua za kumtibu mtoto mwenye malaria. Idadi ya watoto waliohudumiwa kwa usahihi ilipanda kwa takriban pointi 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kusitishwa bado ilikuwa juu. Hakukuwa na video, hakukuwa na bando. Ujumbe ulifika saa ambayo mgonjwa yuko mbele ya mtumishi.

Ndiyo sababu nakushauri usome kidogo na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukimaliza sura ya homa, andika kwenye kipande cha karatasi maswali utakayomuuliza kila mgonjwa wa homa asiye na malaria: homa inakuja na kukata? Unalala wapi? Umegusa mnyama aliyetupa mimba? Umesafiri? Kibandike mezani upande wako, ukitumie mpaka ukizoee, kisha ndipo uhamie somo lingine. Rudi kwenye rejesta baada ya miezi mitatu uone kama taifodi zimepungua.

Usisome peke yako pia. Mwaka 2003 Daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha utaratibu unaoitwa ECHO, ambapo watumishi wa vituo vya mbali hukutana na mabingwa kwa video na kuwasilisha wagonjwa wao halisi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa na watumishi hao wa vijijini walipona kwa kiwango kilekile cha waliotibiwa hospitali ya chuo kikuu. Wewe unaweza kuanza na kundi dogo la matabibu wa kata za jirani, na kumwomba daktari wa hospitali ya wilaya awe anapita humo jioni. Jadilini mgonjwa bila jina, bila picha ya uso, bila kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, na katika kijiji kidogo hata umri na ujauzito vinatosha kumtambulisha mtu.

Kwa habari ya mtandao dhaifu, pakua maandishi badala ya video siku unapokwenda mjini, kwa kuwa kozi nyingi zina nakala za kusoma bila mtandao. Angalia masomo ya Wizara ya Afya kwanza, kisha yale ya bure ya Shirika la Afya Duniani, baadhi yake yakiwa kwa Kiswahili. Kabla ya kuanza kozi kwa ajili ya alama za leseni, hakikisha kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika linaitambua, na muuguzi mwenzako aulize Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Yule anayekujibia mitihani, mwanangu, mkatae na usimfikirie tena. Ni udanganyifu unaoweza kukupotezea leseni, lakini hata kama hakuna atakayejua, mama mwenye homa ya kurudiarudia atakapokuja, cheti hicho kitakuwa kwenye faili na wewe utakuwa mezani bila swali la kumuuliza. Usichukue hoja ya kwamba wengi wanafanya hivyo. Mimi najali sana kwamba wewe umeandika barua hii badala ya kulipa.

Mfawidhi nadhani hajui unachokifanya na simu. Mwombe muda mkiwa wawili, kwa heshima unayompa, na umwonyeshe rejesta yenye alama zako kabla ya kumwonyesha vyeti. Pendekeza saa moja kwa wiki, alasiri foleni inapokwisha, ambapo watumishi wote mtasoma sura moja pamoja, mkunga akiwamo, na yeye mfawidhi ndiye aongoze. Ukilazimika kutazama mwongozo kwenye simu mgonjwa akiwa mbele yako, mwambie, "Mama, natazama dawa inayokufaa," na umgeuzie kioo aone. Malalamiko mengi yatakwisha hapo.

Kuhusu gharama ya bando, zahanati sasa hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti yake na huandaa mpango wake unaopitia kamati ya usimamizi ya kituo. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mipango huandikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo mkikubaliana na mfawidhi, ingizeni gharama ya mtandao na ya kuchapisha miongozo katika mpango unaofuata, mkiambatanisha ukurasa mmoja wa takwimu za homa kutoka kwenye rejesta yenu, na nakala mpeni Mganga Mkuu wa Wilaya.